Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Ndege wa Maji wa Delta ya Rufiji

Ndugu wanachama,

Kabla ya lolote, tumkumbuke mzee wetu mpiga pondo aliyetangulia mbele ya haki mwezi wa nane. Wengi wetu tuliingia delta kwa mara ya kwanza ndani ya mtumbwi wake. Ndiye aliyetufundisha kwamba ndege wa maji hafukuzwi, husubiriwa: maji yakijaa atakuja mwenyewe pale palipobaki pakavu. Hesabu yetu yote ya ndege imesimama juu ya somo hilo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hesabu ya Januari tuliifanya siku mbili za bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku ya kwanza iliharibika. Nilipanga safari kwa kufuata nafasi ya boti, sikufuata maji, na tulipofika kwenye fungu la mchanga makundi yalikwisha kuhama. Kosa hilo ni langu na ninaliombea radhi. Siku ya pili tulikuwa tumeketi mapema, kimya, maji yakaanza kupanda. Wakaja vitwitwi kama moshi unaogeuka rangi, wakafuata sululu, na mwisho wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao hula kaa.

Huyu wa mwisho naomba nimseme kwa kirefu, maana wapo wanachama wapya ambao hawajamjua. Hajengi tago juu ya ardhi kama jamaa zake wa pwani. Huchimba shimo refu mchangani, huko pwani za Somalia na Bara Arabu, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Kisha husafiri kuja kwetu na mtoto wake, na hata akifika huku anaendelea kumlisha. Tulimwona kinda wa kijivu akimfuata mzazi wake topeni, analia, anainamisha shingo, mpaka akapewa kaa. Kwa hiyo tusiseme tena kwamba delta ni mahali pa ndege kupumzika tu. Humu pia watoto wanalelewa.

Na hapo ndipo linapoanzia jambo lililotugawa mwaka huu. Tulipata mfadhili aliyetaka tupande mikoko kwenye tope la wazi linaloelekea baharini. Kamati ilikataa. Najua baadhi yenu mliumia, kwa sababu fedha ilikuwepo na kupanda mti ni jambo jema. Lakini tope lile la chini hufunikwa na maji saa nyingi mno kila siku. Miche hung'olewa na mawimbi, na inayobaki hufa taratibu. Hata kama ingepona, tungewanyang'anya vitwitwi sahani yao. Wao hawali katikati ya mizizi. Wanataka uwazi, wamwone kipanga kutoka mbali, na wachokoe minyoo kabla maji hayajarudi. Mmoja wao, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, huzaa Siberia ya kaskazini, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa. Oktoba 2024 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ilimpandisha daraja, akaingia kundi la walio hatarini. Sisi tusiwe wa kumwongezea shida.

Mikoko irudi pale ilipokatwa. Kaskazini mwa delta mnajua wenyewe: msitu unafyekwa, mpunga unalimwa misimu kadhaa, magugu na kaa wanazidi nguvu, mkulima anahamia kipande kingine. Sisemi hayo kuwalaumu wakulima. Wengi humu tumekuzwa kwa mpunga huohuo. Ila mashamba yaliyoachwa yapo, na mwaka huu wenye mashamba mawili walikubali tukabomoa nao matuta ili maji ya bahari yaingie na kutoka yapendavyo. Hatukupanda kitu. Mbegu zimeletwa na maji, na mchu, aina mojawapo ya mikoko, umeshachipua. Jioni moja nilikuta yangeyange wamesimama katikati ya miche ile na nikashindwa kuondoka.

Delta hii iko ndani ya eneo la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, la Rufiji, Mafia na Kilwa tangu 2004. Heshima hiyo haileti udongo. Udongo huletwa na mto, na bwawa lolote huuzuia sehemu yake. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, nasi tuko chini yake. Ndiyo maana tumechomeka vigingi ukingoni mwa tope sehemu nne, na kila mwanachama anayepita aandike tope limefika wapi kwenye kigingi, na tarehe. Msiache kazi hii kwa vijana peke yao.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Darubini mbili zimeingia ukungu na zinahitaji fundi. Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chakula.

Januari ijayo tutahesabu katika bamvua la mwezi mpevu. Safari hii tutalala Nyamisati usiku wa kuamkia hesabu, na tutaondoka maji yakiwa bado yanapwa, yatusukume mpaka funguni.