Kabla ya kutoa baiskeli, soma ubavu wa tairi

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu akiwahimiza wenye baiskeli zilizolala stoo wazitoe kwa wanafunzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Namuunga mkono. Ila mimi ni fundi baiskeli, mwaka wa 31 huu nashika spana, na baiskeli za msaada hunifikia wapiga picha wakishaondoka.

Mwezi uliopita alikuja binti wa sekondari anakokota ya kwake, tairi la nyuma limechanika. Mkononi ana tairi jipya la inchi 26 alilokwisha kulinunua, maana lile bovu nalo limeandikwa 26. Alitaka nimfungie awahi kipindi cha pili. Nikatazama rimu, nikajua leo haendi shule. Kuna 26 zaidi ya moja. Ile ya baiskeli za milimani hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Ya kwake ilikuwa baiskeli ya zamani ya mjini, rimu yake 590. Tofauti ni milimita 31, na waya wa tairi hauvutiki. Hata mngekuwa wanne msingelipandisha. Ukubwa wa kweli ni ile namba nyingine ubavuni, kama 37-590, ambayo wauzaji wengi hawana habari nayo. Aliyetoa baiskeli ile alikuwa na nia njema kabisa. Hakujua tu kwamba matairi yake huku hayapatikani.

Na tairi ni jambo dogo. Zipo zinazokuja na gia 21, breki za mafuta na uma wa mbele wenye springi, lakini hazina karia. Mtu anayesafiri na gunia au mgonjwa ataufungia wapi mzigo, kwenye springi? Gia zikianza kuruka nazifungua zote, nabakiza moja, nafupisha cheni. Inatembea. Najua mtoaji angeumia akiona.

Hata hivyo, msiache kutoa. Katika jimbo la Bihar, India, mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 rupia 2,000 kila mmoja wanunue baiskeli. Walipewa pesa, wakanunua baiskeli zinazouzwa kwao, ambazo fundi wa jirani anazijua hadi gololi. Watafiti walikuta uandikishaji wa wasichana katika ngazi hiyo umepanda kwa asilimia 32. Zambia nako wasichana waliokuwa wakitembea kilomita nyingi kwenda shule walipewa baiskeli, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Zile zilikuwa baiskeli nzito za gia moja zilizoundwa kwa njia mbovu, zenye karia ya kubeba kilo 100, na mpango wenyewe ulifundisha mafundi na kuleta vipuri. Kila nikisikia habari za Zambia watu husifu baiskeli. Fundi hatajwi, nami nakiri hapo najipigia debe.

Ombi langu kwa vikundi vinavyokusanya baiskeli ni hili: kabla hamjapakia kontena, mpigieni simu fundi wa kule ziendako, si mwenyekiti wa kamati, mumuulize ni rimu gani anazipatia matairi. Zitengeni kwa ukubwa. Kontena moja, rimu ya aina moja. Afadhali baiskeli 40 zenye matairi, tyubu, spoki, cheni na mipira ya breki ya akiba kuliko 60 zilizojaza hadi mlangoni. Wekeni na kishikio cha kunyooshea rimu, maana huku tunanyoosha kwa kukadiria kwa jicho. Na kama mna nauli ya mtu mmoja, mleteni anifundishe hizo breki za mafuta. Sioni aibu kujifunza.

Baiskeli ya yule binti ipo kwangu, nimeitundika kwenye msumari. Tairi la 559 amerudishiwa nusu ya pesa yake, na anatembea kwa miguu. Msomaji yeyote mwenye tairi la 37-590, hata kama limelika kidogo, namwomba asilitupe. Aliache kwenye ofisi ya gazeti hili, nitalifuata.

Fundi baiskeli