Barua ya wazi kwa akina mama wauza mukene, yaani dagaa, wa Masese, Jinja

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake aliyefungwa plasta mkononi kwamba asishangae, uzee umeanza kumwingia. Mwenzenu huyo ana miaka 39 na bado anapata hedhi yake kila mwezi. Aliteleza akiwa amesimama tu, akajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Zahanati ikamfunga plasta na kumrudisha nyumbani bila hata mtu mmoja kumuuliza anakula nini. Mfupa wa mtu wa umri huo ukivunjika kwa anguko dogo namna ile, pole haitoshi. Ni lazima maswali yaulizwe.

Mfupa ni kitu hai, hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Hadi kufikia miaka 30 hivi ujenzi huushinda ubomoaji, na akiba ya wakati huo ndiyo itakayotumika uzeeni. Homoni ya estrojeni huuzuia ubomoaji usizidi. Homoni hiyo inapopungua, mfupa nao hupungua kwa kasi, na kasi hiyo huanza kama mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho.

Linaloniudhi zaidi ni chakula. Mwanamke mzima aliye chini ya miaka 50 anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, nanyi mmekalia magunia yake, kwani mukene huliwa wazima pamoja na mifupa yao. Lakini nilishinda nanyi siku ile nikaona: mukene wazuri wakapimwa kwa kopo wakaenda mjini, waliovunjikavunjika wakauzwa kuwa chakula cha kuku, nanyi saa kumi jioni mkanywa chai ya rangi kwa chapati. Nyumbani ni vilevile, mume na watoto hupakuliwa kwanza, mama akafuta sufuria kwa tonge la posho, yaani ugali. Ni sisi mama zenu tuliowafundisha hivyo, na tulikosea. Pikeni mukene waliotwangwa katika mchuzi wa karanga, wekeni mboga ya dodo, yaani mchicha, pembeni, asubuhi mnywe uji wa wimbi, na mle mkiwa mmeketi, kama watu wengine wa nyumba hiyo.

Mfupa unahitaji pia jua na mwendo: jua mnalo, na kutembea mnatembea. Pombe na sigara ziacheni. Hedhi ikikatika miezi kadhaa bila mimba, muoneni daktari. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza mfupa kiasi, na sehemu kubwa hurudi ukiiacha. Msiikimbie kwa woga, muulizeni mkunga.

Plasta ya mwenzenu itakaa wiki sita hivi. Kwa muda huo nawaomba mgawane zamu yake ya kuanika, na kila mchana mpike chungu kimoja cha mukene wenu wenyewe, yeye apakuliwe wa kwanza.

Ni mimi mama yenu, mkunga mstaafu,
Jinja.