Shukrani kwa dada wa gari la wagonjwa, Dumila

Dada, jina lako sikuliuliza. Mimi ni yule bodaboda wa shati la bluu, siku kenta yenye madumu ya dawa ya wadudu ilipopinduka karibu na Dumila. Nilimvuta utingo nje, nikalowa dawa kifuani mpaka mapajani.

Uliposhuka nilikukimbilia. Ukanyoosha mkono: "Kaka, simama hapo hapo!" Kusema kweli nilikuona una roho mbaya. Ukatazama majani yanavyopepea, ukawahamishia watu upande upepo unakotoka, na waliokuja na ndoo kuchota dawa ukawafokea bila haya. Ukavaa glavu nene, aproni na miwani, ukanikata shati kwa mkasi ili lisinipite usoni. Nguo zote kwenye mfuko, ukafunga. Kisha maji na sabuni: nywele, kwapa, chini ya kucha. Uchi kando ya barabara ya Dodoma! Ukamwomba mama ntilie khanga, ukanisitiri.

Utingo alitokwa jasho na mate, mboni zimesinyaa kama kichwa cha pini. Ulimsomea daktari kwenye simu jina la sumu kutoka kwenye lebo ya dumu, ili atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, iandaliwe kabla hatujafika. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini hukutupakia vilevile: mvuke wa nguo zetu ndani ya gari lililofungwa ungewadhuru na nyinyi.

Utingo amerudi kazini. Mama ntilie nimemnunulia doti mpya. Wewe ukipita stendi, ulizia bodaboda wa shati la bluu. Nauli hulipi.