Barua kwa wifi yangu anayetaka kumhamishia mtoto shule ya mchungaji

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Picha za fomu ya kujiunga ulizonitumia nimezisoma zote, mpaka ile orodha ya mahitaji ya ukurasa wa mwisho: rimu mbili za karatasi, ufagio wa chelewa, sabuni ya maji lita tano, Biblia, kitabu cha nyimbo. Unaniuliza kama shule ndogo ya Kikristo inafaa, kwa kuwa wanangu wawili wamesomea shule ya namna hiyo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako ndilo ninaloulizwa kanisani na kazini kila inapokaribia Januari, na majibu ninayosikia watu wakipeana ni ya aina mbili tu. Wengine wanasema peleka, watamlea kwa hofu ya Mungu. Wengine wanasema achana nao, ile ni biashara. Kwa majibu hayo mtoto wa kaka yangu hatapata msaada wowote.

Nianze na zuri, maana lipo na ni kubwa. Binti yangu alipokuwa darasa la tatu, darasa lao halikufika watoto 20. Siku moja mwalimu wake wa hesabu akanipigia simu: "Mama, huyu mtoto akinakili ubaoni anakunja macho, na tarakimu za mwisho wa mstari anaziruka. Mpeleke akapimwe." Nyumbani isingekuwa rahisi kuliona hilo, kwa kuwa kitabu alikisoma vizuri tu, shida ilikuwa kuona mbali. Akapewa miwani, na ndani ya muhula mmoja hesabu zikakaa sawa. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, lakini wewe na mimi tunazijua shule za mjini ambako tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 darasa lina watoto zaidi ya 100. Sisemi walimu wa kule hawajali. Mwalimu mwenye watoto 100 mbele yake atamwonaje mmoja anayekunja macho?

Na mdogo wake, unakumbuka alivyokuwa na kigugumizi. Matroni alikaa naye jioni baada ya jioni wakisoma Zaburi ya 23 polepole, mstari kwa mstari, mpaka akaisoma mwenyewe mstarini mbele ya shule nzima. Alikwama katikati. Hakuna mtoto aliyecheka, walimngoja. Yule mama hakulipwa hata shilingi kwa kazi hiyo, na mimi nitamshukuru mpaka nife. Kwa hiyo mtu akiniambia shule hizi zote ni biashara, namkatalia.

Lakini sasa sikiliza, wifi. Kabla hujauliza ada, uliza hiyo shule ni ya nani. Pale getini wameandika jina zuri na mstari wa Biblia, ila hilo halikwambii mwenye shule. Kuna shule za kanisa na kuna shule za mtu. Serikali ilitaifisha shule za misheni mwaka 1969 na kuziacha seminari, na baadaye mlango wa shule binafsi ulipofunguliwa tena makanisa yakarudi kujenga. Tangu mwaka 1992 ipo hata Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambayo Wakatoliki na makanisa ya Kiprotestanti yaliyo chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) wanaitumia kwa pamoja katika mambo ya elimu na afya. Kwenye shule ya dayosisi, mwalimu mkuu akikosea, kuna katibu wa elimu, na juu yake kuna askofu. Kwenye shule ya mtu, mkurugenzi ndiye mchungaji, meneja ni mama mchungaji, na mhasibu ni kijana wao. Wengi wao walianza na chumba kimoja nyuma ya kanisa, wakauza mpaka viwanja vyao kujenga madarasa, na jasho hilo naliheshimu. Lakini siku una lalamiko, unampelekea nani?

Hapo ndipo nilipoumia. Muhula mmoja ada ya awamu ya tatu ilichelewa kwa sababu mshahara wa baba yao ulikwama. Asubuhi, maombi yalipokwisha tu, mhasibu akasimama mstarini na kusoma majina ya wanaodaiwa. Mwanangu akatolewa mstarini, akasimama na wenzake karibu na mlingoti wa bendera hadi gari la shule likawarudisha nyumbani. Alipofika alivua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka ndani ya begi na kufunga zipu. Akaniambia harudi mpaka deni liishe. Yule ndiye mtoto aliyekuwa amejifunza kusema mbele za watu bila woga, na wiki nyingi baadaye kigugumizi kilikuwa kimemrudia.

Nilikwenda ofisini. Sikukataa deni, nilichosema ni kwamba deni ni la kwangu, mtoto hakusaini fomu yoyote, nipigieni mimi simu. Nikajibiwa tumwombe Mungu afungue milango, na kwamba kumnung'unikia mtumishi wa Mungu kunamletea mtoto laana. Wifi, sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niandike barua hii. Mimi ni Mkristo, na naamini maombi. Lakini malalamiko yangu yalikuwa juu ya ada na juu ya heshima ya mtoto, na mtu akayageuza kuwa utovu wa imani. Mzazi akishaambiwa hivyo anafanyaje? Wengi wanakaa kimya. Kwenye kundi letu la WhatsApp, mama mmoja aliyeuliza kwa adabu tu kwa nini majina yanasomwa aliondolewa kundini usiku huohuo.

Mwisho tulikwenda wazazi kadhaa kwa pamoja, na barua yenye sahihi zetu, nakala kwa kamati ya shule. Majina yakaacha kusomwa. Kwa hiyo inawezekana. Ila ilitakiwa barua na watu wengi kwa jambo ambalo mzazi mmoja angepaswa kulimaliza kwa maneno mawili.

Ndiyo maana nakuomba uitafute kamati. Sheria inataka kila shule ya msingi iwe nayo, binafsi au ya serikali. Uliza mwenyekiti ni nani, na kama si ndugu wa mkurugenzi. Wakishindwa kukutajia jina, umeshapata jibu. Na ujue kwamba kila wilaya ina ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Shule binafsi nayo iko chini yao, na mzazi ana haki ya kugonga mlango wao.

Suala la viboko vilevile. Watakusomea Mithali kuhusu fimbo, na sina ugomvi na Mithali. Kanuni za serikali zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na vyote viandikwe kwenye daftari. Omba kuliona hilo daftari. Ukiona wanashangaa, jua watoto wanachapwa na yeyote, wakati wowote.

Kuhusu matokeo waliyobandika kwenye bango, "wote A na B". Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yao, na hapo kuna kitu watu hawakitazami. Angalia ni watoto wangapi walifanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021, kisha angalia wangapi walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Ni darasa lilelile. Wakiwa 30 kwenye darasa la nne na 14 kwenye darasa la saba, uliza wengine 16 wako wapi. Wapo wanaohama kwa sababu ya kazi za wazazi au ada, sawa. Lakini wapo wanaoitiwa wazazi ofisini mwisho wa darasa la tano na kushauriwa "mtafutie shule inayoendana naye". Mwanao ni mzito wa kuanza, kama baba yake alivyokuwa. Sitaki asomeshwe miaka miwili kisha aondolewe ili bango lipendeze.

Walimu pia. Shule ndogo huwalipa kidogo, na ajira za serikali zikitangazwa, wazuri wanaondoka hata katikati ya muhula. Mwanangu aliwahi kufundishwa sayansi na walimu watatu ndani ya mwaka mmoja. Usimlaumu mwalimu kwa hilo, anatafuta maisha. Muulize mwalimu mkuu nani amekaa pale zaidi ya miaka mitatu, na uombe kusalimiana naye.

Bweni, wifi, hapana. Najua zamu zako za usiku hospitalini zinakutesa na nakuonea huruma kweli. Lakini mtoto yuko darasa la pili. Tangu Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, labda shule iwe na kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Kwenye fomu yako wameandika "hosteli ya malezi ya kiroho". Kama watoto wanalala pale, ni bweni. Waombe wakuonyeshe kibali. Kama hawana na bado wanapokea watoto wa miaka saba, shule hiyo imeshakueleza inavyochukulia sheria. Mama yupo tayari kuja kukaa nanyi hadi mwakani, nimeshaongea naye.

Lugha isikutie presha sana. Watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza huongea haraka, hilo ni kweli. Ila ukimwona mtoto yeyote amevalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili, mchukue mwanao muondoke.

Jirani yangu Muislamu naye alisomesha wanawe palepale na sisi. Aliuliza mapema kuhusu ibada na kipindi cha dini, wakaelewana kwa maandishi, na makubaliano yakaheshimiwa miaka yote. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha shule ileile iliyosoma majina ya watoto mstarini iliweza pia kutimiza ahadi, pale ahadi ilipokuwa imeandikwa.

Kwa hiyo fomu usiirudishe wiki hii, na fedha ya kiingilio usitume, hata wakikwambia nafasi zinaisha. Nenda siku ya kawaida, si siku ya wageni, ufike saa nne watoto wanapokunywa uji. Ukitoka, simama pale getini mchana uongee na wazazi wawili watatu wanaokuja kuchukua watoto, na uwaulize swali moja: mara ya mwisho walipolalamika, nini kilitokea? Ukishawasikia, nipigie. Jumamosi kuanzia saa kumi nitakuwa nyumbani, na kaka naye awepo kwenye simu.

Wifi yako