Ngoma za Wamiao zina msimu wake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita imesema ngoma za Wamiao, kabila la jimbo la Guizhou, kusini magharibi mwa Uchina, ziko salama kwa kuwa watalii wanamiminika kuzitazama kila siku. Nilisoma Guiyang, mji mkuu wa jimbo hilo, na ngoma hizo nazipenda mno, kwa hiyo siwezi kunyamaza. Hiyo "kila siku" ndiyo inayozimaliza.

Katika vijiji vingi vya Wamiao, lusheng, ala yao ya mianzi, haipulizwi tangu mpunga unapopandwa hadi unapovunwa. Ni mwiko wa wazee. Mavuno yakishaingia ghalani ndipo vijana hukutana uwanjani, wachumba wakapatikana humohumo. Wasukuma wetu, ambao nao hucheza ngoma baada ya mavuno, hawahitaji kuelezwa hili. Kule Xijiang, kijiji kilichojengewa utalii, lusheng inalia jukwaani mwaka mzima. Mchezaji analipwa, na simlaumu hata kidogo. Wenzake wengi wako viwandani katika jimbo la Guangdong. Lakini mtoto anayekulia hapo atajuaje kwamba ngoma ina wakati wake?

Halafu kuna ala yenyewe. Lusheng ni mianzi sita iliyopachikwa kwenye kasha la mbao, yenye ndimi za shaba ndani, na anayeipuliza ndiye huyohuyo anayecheza. Wilayani Nayong, hukohuko Guizhou, kuna mtindo ambao kijana hubiringika chini, mabega ardhini, miguu juu, na sauti haikatiki. Husimuliwa kwamba ni kumbukumbu ya vijana waliojibiringisha juu ya miiba kuwafungulia njia wenzao wakati Wamiao walipokuwa wakihama. Ukimwekea muziki wa spika, inabaki sarakasi tu.

Serikali ya Uchina haijakaa bure. Mwaka 2006 iliuingiza mtindo huo wa Nayong, pamoja na ngoma ya kijiji cha Fanpai inayochezwa kwa mdundo wa gogo la mti, kwenye orodha ya urithi wa taifa. 2011 ikatunga sheria ya kuulinda urithi wa namna hiyo. Na mafundi wanaotambuliwa kitaifa hupewa yuan 20,000 kwa mwaka. Posho ya namna hiyo ingepaswa kumfikia pia kijana anayekubali kubaki kijijini akajifunza kwa fundi, maana huyo ndiye anayeshawishiwa na mshahara wa kiwandani. Na ratiba ya ngoma ipangwe na wanakijiji wenyewe, si na wauza tiketi.

Nasi tunaosafiri kwenda huko, tuulize kwanza mavuno ni lini, ndipo tukate tiketi.

Msomaji wenu,
Morogoro