Usikubali wang'oe kabureta

Tororo, Jumapili jioni

Ndugu yangu Juma,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mvua imerudi, mahindi yanapendeza. Mama Halima anakusalimu na anakukumbusha vitenge vyake. Salamu zitoshe, nina jambo.

Okello kapita hapa, kaniambia fundi wako anataka kung'oa kabureta zote mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, za pikipiki ya BMW R80 ya marehemu mzee akufungie moja ya boda. Nakusihi, usikubali. Kama ameshashika spana, mpigie simu sasa hivi, barua utaimalizia baadaye.

Simlaumu. Kutwa anafungua Bajaj Boxer, silinda moja, kabureta moja, hana kabureta ya pili ya kusawazisha nayo. R80 ina silinda mbili, kushoto na kulia, jumla cc 797, kila moja na kabureta yake ya Bing. Kabureta ya cc 100 itailishaje injini hiyo? Huko kutikisika ukisimama kwenye taa za Wandegeya, na kukohoa ukianza kuongeza moto, si dalili ya injini iliyokufa. Nionavyo, kabureta ya upande mmoja inafunguka zaidi kuliko ya mwingine. Ng'ombe wa jembe wasipovuta pamoja, mtaro hupinda, na kubadili jembe hakusaidii.

Kazi yenyewe utaifanya hapo uani. Anza na vali, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa: pima nafasi yake, ya kuingiza 0.10 mm, ya kutoa moshi 0.20 mm. Ukiruka hapo, yanayofuata yote ni kupoteza jioni. Kisha kagua mipira inayoshika kabureta kwenye kichwa cha silinda, maana ikipasuka inavuta hewa ya wizi na hutasawazisha hata ukeshe. Fungua na vifuniko vya juu vya kabureta, utoe ule utando mweusi, uunyanyue kwenye jua. Tundu la ncha ya sindano tu linatosha kukusumbua mwaka mzima.

Halafu kipimo cha kulinganisha mvuto wa kabureta mbili, na cha dukani huna haja nacho. Nenda soko la Kisekka utafute mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule waashi wanaopimia usawa wa maji, mita 4 hivi. Ukunje umbo la U, uufunge kwenye ubao mrefu uliosimama, umimine oili safi ya injini ifike nusu ya ubao pande zote mbili. Ncha moja iende kabureta ya kushoto, nyingine ya kulia, kwenye vitundu vya mvuto vilivyozibwa kwa skrubu. Zebaki usiiguse, ni sumu. Tena oili ni nyepesi: tofauti inayosogeza zebaki milimita 1, oili inaisogeza zaidi ya sentimita 1. Ikipanda karibu na kilele cha ubao, zima haraka kabla haijanyonywa.

Endesha kwanza mpaka Ntinda na kurudi, injini ishike joto. Isimamishe nje ikiwa bado inanguruma, mbali na sigiri, na feni iipulizie silinda, kwa sababu injini hiyo hupozwa na upepo na pale haiendi popote. Sasa tazama mpira. Upande ambao oili imepanda ndio wenye mvuto mkubwa, maana yake kipepeo cha kabureta hiyo, kile kibao kinachofungua na kuziba njia ya hewa, kimefunga zaidi. Gusa skrubu yake ya kusimamishia kipepeo, kidogo sana, ngoja oili itulie, gusa tena.

Ikilingana hapo usifunge vifaa. Ongeza moto kidogo, uushikilie. Oili ikihama tena, ni kebo: moja inaanza kuvuta kabla ya nyingine, nayo hurekebishwa kwa nati iliyo juu ya kabureta. Wengi huachia njiani hapa, kisha wanashangaa pikipiki imetulia kwenye taa lakini barabarani bado inakohoa. Mwisho ziachie kebo ulegevu kidogo, ukate usukani kushoto na kulia. Mngurumo ukibadilika, kebo zimekazwa mno.

Juma, mimi naikumbuka ile pikipiki ikitoka Malaba na mzigo wa mzee nyuma, tunaisikia tangu mbali na hakuna kikohozi hata kimoja. Kabureta zile zile. Ndiyo maana nimeshindwa kulala na habari hii.

Sasa nijibu. Kutikisika kulianza lini, kabla au baada ya kubadilisha kebo? Plagi ukizitoa, zina rangi moja au upande mmoja ni mweusi? Mipira ni ile ile ya enzi za mzee? Fundi ameshagusa skrubu za mchanganyiko wa petroli na hewa, na kama amezigusa, anakumbuka zilikuwa wapi? Utakuja Idi? Na ukienda Kisekka, waweza kuninunulia na mimi mita 4 za huo mpira?

Wako,
Yusufu