Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda kwenye mkutano wa shule

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Sauti zako tatu za WhatsApp nimezisikiliza, ile ya mwisho mara mbili kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati. Barua ya shule ya Kijerumani ya wajukuu wangu uliyoipiga picha nilikwenda nayo steshenari kule Mwanga wakanichapia, maana macho yangu na simu hayapatani tena. Kurasa nne, na mbili za mwanzo ni za kushukuru watu. Nikajua hapa kuna jambo. Mtu akikushukuru sana kabla hajasema, shika mfuko wako.

Nilivyoelewa ni hivi. Shule inaacha Abitur, mtihani wa Kijerumani wa kumaliza sekondari, na badala yake inaleta diploma ya kimataifa ya IB (International Baccalaureate) ya lugha mbili, masomo mengine kwa Kijerumani na mengine kwa Kiingereza, kuanzia kundi litakaloingia darasa la kumi na moja mwaka ujao. Shule ya msingi, ile mikondo miwili ya Kijerumani na Kiingereza inaunganishwa kuwa mmoja. Na watoto watakaa shule mpaka saa kumi jioni. Binti yako yuko la kumi, kwa hiyo kundi la kwanza ni lake. Mdogo wake yuko la pili, naye anaguswa na huo muungano. Unaniuliza uwahamishe au uwaache.

Kuhusu IB mimi sina cha kukufundisha. Ninachokijua ni mitaala kubadilika, kwa sababu mimi mwenyewe nililetwa darasani na mabadiliko ya namna hiyo. Unajua baba yako ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia vizuri. Azimio la Musoma lilipitishwa mwaka 1974, ikaamuliwa kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Watoto walikuwepo, vijiji vilikuwepo, walimu hawakuwepo. Basi tukachukuliwa vijana tuliomaliza darasa la saba, tukapewa chaki, tukaambiwa mtajifunza ualimu huku mnafundisha. Nilipelekwa kijiji kimoja Kasulu. Masomo yetu yalikuja kwa posta na kwa redio, na mratibu alipita kwa baiskeli kutukagua. Betri zikiishiwa nguvu tulizianika juani ili tusikie walau kipindi cha jioni. Mara nyingine sauti ilikata katikati ya maelezo na hatukujua mwisho wake.

Ijumaa najifunza sehemu, Jumatatu nafundisha sehemu. Kuna mtoto aliniuliza kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa, nikamwambia akae chini. Sikuwa najua. Mwaka wa nne nilikuwa nimeshajua, na watoto wa mwaka huo walipata mwalimu. Wale wa mwaka wa kwanza walipata kijana mwenye chaki. Azimio lilikuwa zuri na mpaka leo nalitetea, lakini gharama yake walilipa wale waliotangulia, na hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana nikisoma barua ya shule yenu sijali sana wanaposema programu mpya ni ya kimataifa na inafungua milango. Inawezekana ni kweli. Mimi nataka kujua nani atasimama mbele ya mjukuu wangu mwezi wa kwanza wa darasa la kumi na moja, na huyo ameshawahi kufundisha IB mara ngapi. Uliniambia baadhi ya walimu wenu wanatumwa na ile ofisi ya serikali yao inayoshughulikia shule za nje, wanakaa miaka kadhaa kwa mkataba kisha wanarudi kwao. Sasa Abitur ikiondoka, hao wanabaki? Kama wanaondoka, yule wa historia anayempenda sana anaondoka lini? Hilo kwenye kurasa nne sikuliona.

La pili ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo. Huku kwetu mzazi yeyote analijua hili: mtoto akishachagua HGL, yaani Historia, Jiografia na Lugha, asije akalia baadaye kwamba anataka udaktari. Nilidhani huko ni tofauti, kumbe ni yale yale. Ujerumani inaitambua IB kwa kuingia chuo kikuu, ila kwa masharti ya masomo uliyochukua. Mojawapo ni kwamba hisabati au somo mojawapo la sayansi liwe katika ngazi ya juu. Mtoto wetu anapenda historia na lugha, na hisabati anaikimbia kama mama yake alivyokuwa anaikimbia, usinikatalie. Akiachiwa achague anavyopenda, anaweza kumaliza na cheti kizuri kabisa ambacho chuo anachokitaka hakikipokei. Abitur haikuwa na mtego huo kwake, maana kule kwao ndiyo njia kuu yenyewe. Kwa hiyo muulize anayeshughulika na masomo ya juu, kwa maandishi, na akujibu kwa maandishi: masomo sita atakayoyachukua huyu mtoto yanakubalika wapi na hayakubaliki wapi.

Halafu kuna hili la alama, ambalo limenichekesha mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Unakumbuka mwaka juzi nilivyomgombeza mjukuu wangu kwenye simu kwa kupata mbili? Alinyamaza kwa heshima mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Babu, mbili ni nzuri, moja ndiyo bora, sita ndiyo kufeli." Nikaomba radhi. Sasa naambiwa kwenye IB saba ndiyo ya juu na moja ndiyo ya chini. Mtoto aliyezoea kufurahia moja, kesho moja ni aibu. Mweleze mapema na bibi yake, kabla hajaanza kumpongeza kwa kitu cha kulia.

Usidhani Wajerumani wenyewe hawajawahi kuyumba. Nilimsikia mtu akieleza redioni: majimbo mengi yalipunguza mwaka mmoja wa Gymnasium, ile sekondari yao ya kuelekea Abitur, kutoka tisa hadi minane, kisha wazazi wakalalamika miaka na miaka, na mengi yakarudisha ule wa tisa. Kule Bavaria mwaka 2011 makundi mawili yalimaliza pamoja, na 2025 karibu hapakuwa na wa kumaliza, kwa sababu ya huo mwaka uliorudishwa. Nilipolisikia nikacheka peke yangu, maana sisi huku tunaelekea kwenye lile la kwanza, la makundi mawili kumaliza pamoja. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya shule ya msingi kuwa ya miaka sita. Walioanza la tatu mwaka ule watamaliza la sita mwaka 2027, na walioanza la nne watamaliza la saba mwaka huo huo.

Hapo nikupe kisa. Tulikuwa na mkutano wa wazazi kwenye shule moja ya huku kwetu, mambo ya mtaala yakaelezwa, Kiingereza kuanzia la kwanza, elimu ya amali, makofi yakapigwa. Akasimama mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi, mikono bado ina magamba, alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka mwaloni. Shule aliishia la nne. Akasema: "Mimi nina wawili, mmoja la tatu, mmoja la nne. Mnasema watamaliza siku moja. Haya, hiyo sekondari yenyewe ina vyumba vya watoto wote hao?" Kimya. Mwalimu mkuu akafungua daftari akaandika. Swali hilo likapelekwa juu, na limerudi kwenye kila mkutano tangu siku ile, maana yule mama haachi.

Wewe una shahada na unaniambia "Baba, mimi si mtu wa mikutano, Kijerumani changu ni cha sokoni." Mwanangu! Ni wewe uliyenieleza kwamba shule yenu si ya serikali wala ya mtu, ni mali ya chama cha wazazi, kwamba shule nyingi kati ya zile 130 na zaidi za Kijerumani zilizo nje ya Ujerumani zinaendeshwa hivyo, na wanachama ndio wanaochagua bodi kwenye mkutano mkuu. Nikakuuliza, na wewe ni mwanachama? Ukasema fomu iko kabatini. Iko kabatini tangu lini? Unalipa ada kama mpangaji kwenye nyumba ambayo ungeweza kuwa mwenye nyumba. Ijaze hiyo fomu kabla ya Ijumaa. Swali uliandike kwa Kiswahili kwanza, kisha mume wako alitie Kijerumani, ulisome hata kama ulimi utagonga. Yule wa Kibirizi naye Kiswahili chake kina Kiha kingi, na tulimwelewa wote.

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu tu. Maisha yenu ya shule nayaona kwenye picha na nayapenda. Ile siku ya mdogo kuanza la kwanza, ameshika lile likoni la karatasi lililojaa pipi, mfano wa karatasi za karanga zetu ila lina urefu wa mtoto mwenyewe! Picha hiyo iko ukutani, wageni wote wanaiuliza. Na mwezi wa Novemba usiku, watoto na taa za karatasi wakiimba njiani kwa ajili ya Mtakatifu Martin, nawe ukitembea nyuma na koti la kuazima. Na soko la Krismasi, ulivyojitesa usiku kucha ukijiuliza upeleke nini, mwishowe ukapeleka vitumbua vikaisha kabla ya keki za wenzako. Kwa nini mwaka huu usipeleke dagaa? Wakaange wakauke, na limau na pilipili pembeni. Wataanza kwa kuwaogopa yale macho, kisha watamaliza sahani.

Kuhusu mikondo kuunganishwa, hilo naliunga mkono, na sijali nani analalamika. Mdogo aliniambia mwenyewe kwamba uwanjani wa Kijerumani wanacheza upande wa mti na wa Kiingereza upande wa ukuta. Yeye anakaa katikati kwa sababu anajua zote mbili. Nikamuuliza na Kiswahili unakisema na nani? Akasema "na wewe, Babu." Hiyo ilinikaa kifuani siku mbili. Shule ikirefushwa mpaka saa kumi, akarudi nyumbani amechoka, akala, akalala, hiyo nafasi ya Kiswahili itatoka wapi? Hili si la kupeleka kwenye mkutano, ni lenu wawili hapo nyumbani. Jumapili asubuhi anamwamkia bibi yake kwa Kiha "mwakeye," na mama yako anashinda siku nzima akitabasamu. Msiiache Jumapili hiyo ikachukuliwa na mazoezi ya kuogelea.

Sasa lile ombi la dada mtu, la mradi wa historia. Mwambie babu yake amekwenda bandarini. Meli aliyopewa kuandika ni Liemba yetu. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Reli ilikuwa imefika hapa 1914. Ikaunganishwa hapa hapa, ikaingia ziwani 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mitambo wakaipaka grisi kwanza, kama mtu anayefunika chakula akijua atarudi. Aliyerudi ni Mwingereza. Akaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Hayo mwalimu wake atakuwa anayajua. Nataka aongeze na jina la kwanza, Graf von Götzen. Huyo ndiye aliyekuwa gavana wakati Maji Maji ilipoanza 1905. Aandike hivyo, kwa Kijerumani safi, mbele ya darasa lake, tuone wenzake watasemaje. Hapo ndipo ninapoiona faida ya shule ya lugha mbili. Na kama watamuuliza Kiswahili kimechukua nini kwao, awaambie neno shule lenyewe ni lao, na hela pia ni lao, ile sarafu ya heller. Vilikuja pamoja na mpaka leo havijaachana, muulize baba yake anayelipa ada.

Umhamishe au umwache? Mimi ningemwacha, kama majibu ya walimu na ya tahasusi utayapata kwa maandishi kabla ya muhula kufungwa. Wakikuzungusha, mtafute shule nyingine yenye Abitur mapema, kabla hajaanza la kumi na moja. Akishaanza, kumtoa katikati ni kumwonea. Mdogo abaki, huyo hana tatizo.

Kopo la mawese nimempa yule kijana anayesafiri wiki ijayo, nimelifunga mifuko mitatu na kulizungushia gundi ya karatasi. Migebuka mikavu iko chini yake, usije ukaikosa. Mama yako anauliza kama lile la mwaka jana lilivuja, maana hukusema.

Baba yako

Fomu ukishaijaza, ipige picha unitumie.